KASAN inalia kwenye draiva ya kamera: tuweke NULL, tutumie devm, au tuandike upya?

mlinda_lenzi

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu, maana kazini tumegawanyika na kila upande unajiona uko sahihi.

Natunza draiva ya kijimota kinachosogeza lenzi ya kamera ya simu wakati wa kulenga. Chipu ni ndogo, inazungumza kwa I2C (njia ya waya mbili ya kuunganisha chipu), na keneli yetu ni Linux 6.6 ya Android. Draiva niliirithi. Inaweka kifaa chake chini ya /dev, na huduma ya kamera inakitumia kwa ioctl (amri za programu kwa draiva) nne: sogeza lenzi, soma ilipo, weka jedwali la hatua, na moja ya kupimia kiwandani ambayo inaandika thamani yoyote kwenye rejista yoyote.

Lenzi haisogezwi kwa mkupuo mmoja. Ukifanya hivyo inagonga ukingo na mlio wake unasikika hadi kwenye video. Kwa hiyo draiva inatumia kazi iliyoahirishwa: inaandika hatua moja kwenye rejista, inajipanga tena baada ya milisekunde chache, na kuendelea hivyo mpaka lenzi ifike.

Nilijenga keneli yenye KASAN, kikagua makosa ya kumbukumbu, nikawasha skripti mbili kwa pamoja. Moja inafungua na kufunga kamera bila kupumzika, nyingine inaitenganisha draiva na chipu kisha kuiunganisha tena kupitia sysfs (faili za kudhibiti keneli). Haikuchukua muda:

    BUG: KASAN: slab-use-after-free in vcm_step_work
    Workqueue: events vcm_step_work

Sehemu inayohusika ndiyo hii:

    static void vcm_remove(struct i2c_client *client)
    {
            struct vcm *vcm = i2c_get_clientdata(client);

            cdev_del(&vcm->cdev);
            kfree(vcm);
            i2c_set_clientdata(client, NULL);
    }

Mwenzangu mmoja anasema tuweke NULL (anwani tupu) kila mahali baada ya kfree (kuachia kumbukumbu) na kila kazi ianze kwa kuuliza kama pointa ni NULL. Alipofanya hivyo skripti zilikesha bila KASAN kulia. Wa pili anasema tuhamie devm_kzalloc, keneli itajisafishia yenyewe. Kijana wetu mpya anataka tuandike yote upya kwa Rust. Bosi anatuangalia tu na kusema SELinux (kanuni za ruhusa za mfumo) inaruhusu huduma ya kamera peke yake kufungua kifaa hicho, kwa hiyo hakuna mshambuliaji atakayefika, tuendelee na kazi nyingine.

Mngekuwa mimi mngeanzia wapi?

---

tundu_dogo

Mkuu, NULL ni ustaarabu mzuri hata kama si dawa ya kila kitu. Ikitokea mtu ameigusa, keneli inaanguka palepale badala ya kusoma takataka. Halafu siku hizi kuna MTE kwenye vichakato vya Arm, hitilafu za namna hii zinakamatwa na maunzi yenyewe. Nisingejisumbua sana.

---

Bi_Rejista

tundu_dogo, samahani, lakini hilo la NULL ndilo linalonifanya niandike.

Mdogo wangu mlinda_lenzi, hesabu kwanza ni wangapi wanaoijua anwani ya hiyo `struct vcm`. Yupo i2c_client kupitia clientdata. Yupo kila aliyefungua kifaa, kupitia file->private_data. Ipo cdev yenyewe (rekodi ya keneli ya kifaa chako cha /dev), ambayo imelala ndani ya struct hiyo hiyo. Na ipo kazi yako iliyoahirishwa, ambayo nayo iko ndani yake. Ukiandika NULL umefuta anwani kwenye daftari lako wewe, wenzako watatu bado wanayo.

Hiyo kazi iliyoahirishwa ndiyo mbaya kuliko zote. Nina hakika vcm_step_work yako inaanza na container_of. Maana yake haitafuti pointa popote: inachukua anwani ya work_struct iliyopewa na kutoa idadi ya baiti mpaka ifike mwanzo wa struct. Hakuna mahali pa kuweka NULL hapo. Hata ukiuliza `if (!vcm)`, jibu halitakuwa NULL kamwe, kwa sababu ni matokeo ya kutoa.

Sasa mbona skripti zilikesha? Zilikesha kwa sababu mmebadilisha mwendo wa nyuzi. Ukiongeza masharti mawili matatu, dirisha la kugongana linahama kidogo. Na KASAN ya kawaida ina mipaka yake: kumbukumbu iliyoachiwa inawekwa karantini kwa muda, karantini ikijaa ya zamani inatolewa na kugawiwa mtu mwingine. Ikishagawiwa upya, KASAN inaiona ni halali. Kazi yako ikiigusa hapo, inasoma mali ya mtu mwingine na hakuna anayelia.

Na hapo ndipo mshambuliaji anapopataka. Tazama kilichomo ndani ya delayed_work: kuna kipima muda kilichounganishwa kwenye orodha ya keneli, na kuna pointa ya kazi itakayoitwa muda ukifika. Akiweza kuijaza nafasi ileile kwa data yake ya ukubwa uleule, ndiye anayechagua kinachoitwa. Keneli za Android zenye ulinzi wa CFI zitamkatalia akielekeza kwenye kazi ya aina isiyolingana, sawa. Lakini CFI inalinda pointa za kazi tu. Ile `vcm->client` ni pointa ya data, na jedwali la hatua pia, hizo CFI haiziangalii.

Nije kwa devm_kzalloc. Hii inawadanganya watu wengi kwa sababu inaonekana safi. devm inaachia kumbukumbu baada ya remove (kazi ya kutenganisha draiva) kurudi, au baada ya probe (kazi ya kuianzisha) kushindwa. Haijui lolote kuhusu faili zilizofunguliwa. Huduma ya kamera ikiwa imeshika kifaa chako na draiva ikatenganishwa, kumbukumbu inakwenda huku file->private_data ikiendelea kuielekeza. ioctl inayofuata inagusa maiti. Mtaondoa kfree moja na kubaki na hitilafu ileile, tena safari hii hata mstari wa kuinyooshea kidole haupo.

Utaniambia simu haichomolewi kamera, nani atatenganisha draiva? Fungua probe yako uangalie. Kama unasajili kifaa kwanza halafu ndiyo unaomba umeme wa chipu, na anayetoa umeme hayuko tayari, unarudisha -EPROBE_DEFER (jaribu tena baadaye). Probe imeshindwa, devm inafagia kila kitu. Kati ya kusajili na kushindwa kuna kipande cha muda ambacho /dev yako ilikuwa hai na mtu angeweza kuifungua. Hili linatokea simu inapowaka, bila mtu kuchomoa chochote.

Ningefanya hivi. Weka `struct device` ndani ya `struct vcm`, mpe release inayofanya kfree, na hiyo iwe kfree pekee ya struct hiyo katika faili nzima. Sajili kwa cdev_device_add, na iwe hatua ya mwisho kabisa ya probe. Hapo mnyororo unajitengeneza: faili iliyofunguliwa inashika cdev, cdev inashika device, device haiachiwi mpaka wa mwisho afunge. Kisha ongeza bendera `dead` na kufuli moja:

    static void vcm_remove(struct i2c_client *client)
    {
            struct vcm *vcm = i2c_get_clientdata(client);

            cdev_device_del(&vcm->cdev, &vcm->dev);

            mutex_lock(&vcm->lock);
            vcm->dead = true;
            mutex_unlock(&vcm->lock);

            cancel_delayed_work_sync(&vcm->step);
            put_device(&vcm->dev);
    }

Kila ioctl ishike kufuli, iangalie `dead`, na kama ni kweli irudishe -ENODEV. Kazi ya hatua nayo iangalie hivyo hivyo kabla ya kujipanga tena. Na tafadhali usiite cancel_delayed_work_sync ukiwa umeshika kufuli. Inasubiri kazi imalize, kazi inasubiri kufuli uliyoishika wewe, mtasubiriana mpaka simu iwashwe upya.

Bendera inahitajika kwa sababu cancel peke yake haitoshi. Unaghairi kazi, ioctl iliyokuwa njiani inaipanga tena nyuma yako. Kwenye keneli za 6.10 na kuendelea kuna disable_delayed_work_sync inayokataa kupangwa tena, lakini wewe uko 6.6.

Mwisho, swali ambalo sijaona mkijiuliza: kwa nini draiva hii ina kifaa chake na ioctl zake? Kulenga lenzi kuna njia yake ndani ya V4L2 (kiolesura cha kawaida cha video cha Linux), ipo V4L2_CID_FOCUS_ABSOLUTE, na ndani ya Linux kuna draiva za vijimota vya namna hii tayari, dw9714 kwa mfano. Nenda kasome ilivyo fupi. V4L2 nayo ina kasoro zake kwenye suala la kutenganisha, siipambi. Lakini ioctl usiyoiandika huhitaji kuilinda.

---

mlinda_lenzi

Bi Rejista, shikamoo. Nimefungua probe. Cdev inasajiliwa juu kabisa, umeme unaombwa chini yake. Ndivyo ilivyo, kama ulivyosema.

Suala la V4L2 nitalipeleka kwenye kikao, ila najua jibu: huduma ya kamera inaandikwa na timu nyingine na hawataki kubadili kiolesura kabla ya toleo lijalo. Kwa sasa niko na ioctl zangu.

Vipi hoja ya bosi? Kusema kweli sijapata cha kumjibu.

---

zamu_ya_usiku

Hilo la bosi nilichukue mimi, ni eneo langu.

SELinux inasaidia, tena sana. Kwenye Android unaweza kuweka kanuni inayotaja namba za ioctl moja moja, kwamba huduma fulani iruhusiwe hizi tatu na ya nne ikataliwe. Hiyo ioctl ya kiwandani inayoandika rejista yoyote ikataliwe leo hii, wakati mnasubiri kuifuta kwenye msimbo.

Ila bosi anafikiri mshambuliaji anatoka kwenye programu ya mtumiaji na kuruka moja kwa moja hadi kwenye draiva. Mashambulizi ya kweli yanakwenda kwa hatua. Huduma ya kamera inachambua data ngumu kutoka sehemu nyingi. Ikipasuka yenyewe, aliyeipasua anarithi ruhusa zake zote, na mlango unaofuata kutoka humo ni draiva yenu. Kwa hiyo SELinux imepunguza wanaoweza kufika, haijawamaliza.

Halafu kuna draiva ambazo haziwezi kufungwa kwa kanuni. GPU (kichakato cha picha) ndiyo mfano mkubwa: kila programu inachora skrini yake yenyewe, kwa hiyo kila programu lazima ifungue /dev/mali0 au /dev/kgsl-3d0. Ndiyo maana hitilafu za Mali ya Arm na Adreno ya Qualcomm zinajirudia kwenye orodha ya zile zilizokwisha kutumika kushambulia watu. Oktoba 2023 peke yake, Arm walitangaza CVE-2023-4211 (CVE ni namba ya hitilafu ya usalama) ya Mali, na Qualcomm nao mwezi huohuo wakatoa tahadhari kuhusu hitilafu zao, mbili zikiwa za Adreno. Mwaka uliofuata, Oktoba 2024, ikaja CVE-2024-43047 kwenye draiva inayozungumza na DSP (kichakato cha ishara), na ni aina ileile ya mlinda_lenzi: kumbukumbu imeachiwa, kuna mtu bado anaishika.

Na usisahau njia isiyohitaji programu kabisa. CVE-2024-53104 ilikuwa kwenye draiva ya kamera za USB, ile ya kawaida iliyomo ndani ya Linux. Msimbo wake ulikuwepo tangu 2.6.26 ya mwaka 2008. Draiva inapopokea maelezo ya kamera, inapita mara moja kuhesabu fremu ili itenge bafa, halafu inapita tena kuzichambua na kuziandika. Fremu za aina isiyojulikana hazikuhesabiwa mara ya kwanza, lakini mara ya pili ziliandikwa. Kifaa kinachojifanya kamera kikichomekwa kwenye simu iliyofungwa skrini, kinaandika nje ya bafa ndani ya keneli. Kiraka chake kinaongeza sharti moja tu. Android walikitoa kwenye masasisho ya Februari 2025, na mwezi huohuo Amnesty International wakaeleza jinsi vifaa vya kufungulia simu vilivyotumia hitilafu za USB dhidi ya simu ya mwanaharakati huko Serbia. Hapo SELinux ya programu ingemzuia nani?

Muulize bosi kitu kingine: draiva hii ikipatikana na hitilafu baada ya simu kuuzwa, kiraka kitafika kwa nani na lini? Tangu Android 12 na keneli ya 5.10, keneli ya msingi inatoka Google na draiva za watengenezaji ni moduli za pembeni. Ni jambo jema, keneli inasasishwa bila kusubiri kila mtu. Lakini moduli yenu hakuna atakayewasasishia. Ni ninyi.

Na ucheleweshaji hapo si wa kufikirika. Kati ya Juni na Julai 2022 Project Zero, timu ya usalama ya Google, waliripoti hitilafu tano za Mali. Arm walizifunga Julai na Agosti. Novemba walipojaribu simu walizokuwa nazo, zote zilikuwa bado wazi. Ile ya binder (njia ya programu za Android kuzungumza zenyewe kwa zenyewe), CVE-2019-2215, ilizibwa kwenye Linux mwanzoni mwa 2018 bila kupewa hata namba ya CVE, na simu nyingi hazikuchukua kiraka. 2019 ikakutwa inatumika kushambulia. Aliyesoma viraka vya Linux kwa makini alikuwa na funguo mkononi muda wote huo.

---

tundu_dogo

Nimeelewa kuhusu NULL, asante Bi Rejista. Ila MTE hamjaigusa. Kama maunzi yanakamata kugusa kumbukumbu iliyoachiwa, si yanafunga mlango huu wote?

---

Bi_Rejista

Inafunga nusu, na hiyo nusu naipenda. Kila baiti 16 za kumbukumbu zinapewa lebo ya biti 4, na pointa inabeba lebo yake kwenye biti za juu. Zisipolingana, kichakato kinakataa. Kumbukumbu ikiachiwa, lebo inabadilishwa, na pointa ya zamani inabaki na lebo ya zamani. Biti 4 ni lebo 16 tu, kwa hiyo anayebahatisha ana nafasi kama moja kati ya kumi na sita. Ukiweka keneli ianguke mara ya kwanza inapokamata, hatapata nafasi nyingi za kubahatisha.

Lakini lebo zinakaguliwa pale kichakato kikuu kinapogusa kumbukumbu kwa pointa yenye lebo. Machi 2024 mtafiti wa GitHub, Man Yue Mo, alionyesha jinsi ya kuiteka keneli ya Pixel 8 yenye MTE imewashwa, kwa CVE-2023-6241 ya Mali. Hakuhangaika na lebo. Hitilafu ilikuwa kwenye usimamizi wa kurasa za GPU: draiva ilirudisha kurasa kwa keneli huku GPU ikiwa bado imeziweka kwenye ramani yake. Keneli ikazigawa kwa matumizi mengine, naye akazisoma na kuziandika kupitia GPU. Hakuna pointa ya kichakato kikuu iliyopita hapo, kwa hiyo hakuna lebo ya kulinganishwa.

Kwa draiva ya kijimota hicho, MTE ingesaidia kweli, kama simu inayo na kama imewashwa kwenye keneli. Washa. Ila usiandike draiva kana kwamba itakuwepo.

---

kutu_njema

Nimesubiri mtu amtetee kijana wa Rust, naona haji, basi nijitokeze.

Hitilafu ya mlinda_lenzi ni ile ambayo Rust iliumbwa kuizuia. Struct inashikwa na Arc (pointa inayohesabu wanaoishika), kazi iliyoahirishwa inamiliki nakala yake ya Arc, faili ina nakala yake, na hakuna mahali pa kuandika kfree. Ukijaribu kuiachia huku kuna mtu anaishika, kompaila inakataa kabla simu haijaguswa. Google walitoa takwimu za Android nzima: mwaka 2019 hitilafu za usalama wa kumbukumbu zilikuwa asilimia 76 ya hitilafu zote za usalama, mwaka 2024 zikawa asilimia 24. Na ukisoma maelezo yao, hawakupata hilo kwa kuandika upya msimbo wa zamani. Waliandika msimbo mpya kwa lugha salama na kuacha wa zamani ukomae, kwa sababu hitilafu nyingi ziko kwenye msimbo ulioguswa karibuni.

Kwa hiyo kijana ana hoja, ila nisingemwambia aanzie kwenye draiva hii, kwenye 6.6. Rust iliingia Linux na toleo la 6.1 Desemba 2022, lakini kilichoingia kilikuwa msingi tu. Kwenye 6.6 hakuna tabaka la I2C la Rust. Atalazimika kuliandika mwenyewe, na tabaka hilo litajaa `unsafe` (mistari ambayo kompaila haiwezi kuithibitisha), yaani atahamisha ugumu wote mahali ambapo timu yenu haina mzoefu wa kuukagua.

Na `unsafe` si mapambo. Binder ya Rust iliingia Linux 6.18. Desemba 2025 ikapata CVE-2025-68260, ya kwanza kwa msimbo wa Rust ndani ya Linux. Uzi mmoja ulikuwa umeihamisha orodha kwenye kigezo chake na kuachia kufuli, ukawa unaipitia. Uzi mwingine ukaondoa kipengele kwenye orodha hiyohiyo kwa mstari wa `unsafe` ulioamini kwamba kipengele kiko kwenye orodha ile au hakipo popote. Pointa za mbele na nyuma zikaharibika, keneli ikaanguka. Wapinzani wa Rust walishangilia wiki nzima. Mimi niliona kitu kingine: ukaguzi ulijua pa kuanzia, kwa sababu mistari ya `unsafe` inahesabika. Kwenye faili la C la ukubwa ule kila mstari ni mtuhumiwa.

Mwache kijana ajifunze kwenye draiva inayofuata, keneli mpya zaidi. Hii irekebisheni kwa C kama alivyoeleza Bi Rejista.

---

Bi_Rejista

Nakubaliana na kutu_njema, jambo ambalo halitokei mara nyingi humu.

Nyongeza kwa C: 6.6 ina guard(mutex) kutoka kwenye cleanup.h. Kufuli inaachiwa yenyewe ukitoka kwenye kazi, hata ukitoka kwa njia ya makosa. Nusu ya draiva ninazozipitia zinasahau kufuli kwenye `return -EFAULT` ya katikati.

Mlinda_lenzi, kabla hujaanza, washa CONFIG_DEBUG_TEST_DRIVER_REMOVE kwenye keneli ya majaribio. Kila draiva inayounganishwa inaondolewa na kuunganishwa tena palepale simu inapowaka. Utaona mengi, mengine si yako. Weka pia CONFIG_DEBUG_OBJECTS_WORK pamoja na DEBUG_OBJECTS_FREE, hiyo italalamika pale tu unapoachia kumbukumbu yenye kazi ambayo bado inaendelea, bila kusubiri bahati ya KASAN. Na CONFIG_DEBUG_KOBJECT_RELEASE, inachelewesha release makusudi ili anayedhani kitu kimekufa papo hapo aumbuke. Njia za makosa za probe zijaribu kwa failslab, inafanya kmalloc ishindwe pale unapotaka. Baada ya hapo ndiyo umwelezee syzkaller (programu ya kujaribu keneli kwa data za kubahatisha) ioctl zako. Bila maelezo ya muundo wa data atakuwa anarusha baiti ovyo na kurudishiwa -EINVAL siku nzima.

Na tuonyeshe ioctl ya jedwali la hatua. Nina mashaka nayo.

---

mlinda_lenzi

Hii hapa, nimeondoa majina yasiyohusika:

    if (copy_from_user(&hdr, uarg, sizeof(hdr)))
            return -EFAULT;
    if (hdr.count > VCM_MAX_STEPS)
            return -EINVAL;

    len = sizeof(hdr) + hdr.count * sizeof(u16);
    tbl = kmalloc(len, GFP_KERNEL);
    if (!tbl)
            return -ENOMEM;
    if (copy_from_user(tbl, uarg, len))
            return -EFAULT;

    kfree(vcm->tbl);
    vcm->tbl = tbl;

Kisha vcm_step_work inatembea kutoka 0 hadi vcm->tbl->count. Kuna ukaguzi wa kikomo, nilidhani iko salama.

CONFIG_DEBUG_TEST_DRIVER_REMOVE nimeiwasha tayari. Simu haikufika hata kwenye nembo, na aliyeanguka wa kwanza alikuwa draiva ya mguso, si yangu. Nimemtumia mwenye nayo ujumbe.

---

Bi_Rejista

Ukaguzi upo, ila unakagua kitu kimoja na kutumia kingine. Unasoma kichwa mara mbili kutoka kwa mtumiaji. Mara ya kwanza count ni 4, inapita, unatenga nafasi ya 4. Uzi wa pili wa mtumiaji unaibadilisha kuwa 60000 kabla ya copy_from_user ya pili. Nakala inachukua baiti za urefu wa 4, lakini count iliyoingia ndani ya tbl ni 60000, na vcm_step_work inatembea nje ya bafa mpaka iridhike. Baada ya nakala ya pili andika `tbl->count = hdr.count;`, au nakili sehemu ya hatua peke yake na kichwa ukijaze kwa mkono. Urefu uhesabu kwa struct_size, ili siku mtu akipandisha VCM_MAX_STEPS kuzidisha kusizunguke.

Ya pili iko kwenye -EFAULT ya chini: tbl haiachiwi. Hiyo ni kuvuja tu, lakini mtumiaji anaweza kuirudia mpaka kumbukumbu iishe.

Ya tatu ndiyo kubwa. `kfree(vcm->tbl)` inafanyika huku vcm_step_work ikiwa inaisoma ile ya zamani. Ni hitilafu ileile uliyoanza nayo, kwenye kitu kidogo zaidi, na hii haihitaji mtu kutenganisha draiva: huduma ya kamera ikibadilisha jedwali lenzi ikiwa inasogea, imetosha. Ubadilishaji ufanyike ndani ya kufuli ileile inayoshikwa na kazi ya hatua, ya zamani uiachie baada ya kubadilisha.

Ioctl ya kiwandani ifute. Kama kuna kiwanda bado kinaitumia, watakutafuta.